Alhamisi Zisizo na Mwisho

Gurmit Singh alikuwa ananing'inia katikati ya samaki, na kwa mara ya kwanza tangu awe meneja wa Ghuba Fileti, alikuwa amenyamaza.

Kuliani kwake kulikuwa na mbuta wa kilo arobaini. Kushotoni, mbuta wa kilo thelathini. Wote watatu walikuwa wametobolewa chini ya taya kwa kulabu za aina moja, wote wamekodoa macho mlangoni kama wanaosubiri kuitwa majina. Tofauti ilikuwa ndogo tu: mbuta hawakuwa na viatu.

Inspekta Nabalayo alisimama chini yake akiwa amejifunika koti la mlinzi, meno yakimgongana. Alikuwa na wiki tatu tu Kisumu, amehamishwa kutoka Webuye, na watu walikuwa wamemwambia kwamba mji huu ni joto tupu. Hakuna aliyemtajia chumba cha baridi.

Daktari wa polisi alipanda ngazi, akapapasa kisogo cha marehemu, akashuka akijifuta mikono. Fuvu lilikuwa limevunjwa kwa mapigo matatu ya kitu kizito. Halafu kulabu. Halafu winchi ya mnyororo ikamvuta juu kama inavyovuta mbuta kila siku ya Mungu.

"Alikuwa ameshakufa alipotundikwa?" Nabalayo akauliza.

"Damu ya shingoni inasema hapana," daktari akajibu, na akatoka kwenda kutafuta jua.

Nyundo ilikuwa palepale sakafuni, ile nzito ya kuvunjia barafu, kichwa chake kimeganda nywele. Kwenye mpini kulikuwa na alama za vidole nyingi tu, na zote, kama maabara ilivyothibitisha baadaye, za mtu mmoja: Badru, fundi wa mitambo ya baridi. Jambo ambalo halikuwa la ajabu sana, kwa kuwa nyundo ilikuwa yake.

Ilikuwa Alhamisi, tarehe sita Juni, mwaka wa 1996, saa kumi na mbili kasoro robo jioni. Alhamisi hakuna lori la kwenda uwanja wa ndege, kwa hiyo wakata minofu huenda nyumbani mapema, saa saba. Wanaobaki ni wanne: meneja, fundi, karani wa ofisi na mlinzi wa lango.

Mlinzi, Mzee Muhidin, alieleza kila kitu huku akilitazama koti lake lililokuwa mgongoni kwa Inspekta. Saa tisa na nusu alimwona meneja akiingia chumba cha baridi kuhesabu mbuta wa Ijumaa. Hakumwona akitoka. Badru hakumwona kabisa, lakini Badru hutumia mlango wa nyuma unaoelekea ziwani, na kule hakuna mlinzi. Karani, Zeituni, alikuwa ofisini muda wote. Alijuaje? Kwa sababu ya printa. Tangu saa kumi kamili ile printa ilikuwa inalia dirishani kama paka aliyebanwa mkia, haikupumzika mpaka karibu saa kumi na moja. Halafu Zeituni akatoka na barua ya kutiwa sahihi, akafungua mlango wa chumba cha baridi, akapiga ukemi uliosikika mpaka stesheni ya reli.

Zeituni aliwapokea ofisini Inspekta na sajini wake, Obiero. Mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mtandio mweusi, mabega mapana. Aliwahi kukata minofu miaka sita kabla ya kupandishwa ofisini, na mikono yake ilikuwa bado na makovu ya kazi ile. Hakulia. Aliwasha kompyuta, akafungua kalenda ya kazi, akaweka kidole kwenye kioo.

*Alhamisi, 6 Juni. Saa kumi: Badru na meneja, ukaguzi wa chumba cha baridi.*

Akarudi nyuma wiki moja. Saa kumi. Mwezi mmoja. Saa kumi. Akarudi mpaka Januari, na kila Alhamisi Badru na meneja walikuwa pamoja mle ndani, saa kumi, bila kukosa hata moja.

Sajini Obiero hakungoja Februari. Alikuwa ameshatoka kutafuta pingu.

*

Obiero alikuwa na miaka ishirini katika kituo kile na mbinu moja ya upelelezi, ambayo ilikuwa na vidole vitano na aliikunja. Alimkuta Badru amelala kwake Nyalenda, mlango wazi, redio inaimba. Mpaka wanafika kituoni, Badru alikuwa na jicho moja lililofungwa na mbavu mbili zilizomfanya apumue kwa awamu.

Asubuhi ya Ijumaa mkuu wa kituo alimwita Nabalayo, akamweleza mambo kwa kifupi. Marehemu alikuwa mtu mkubwa. Wenye viwanda wa Milimani walikuwa wamepiga simu usiku kucha. Mshukiwa yupo, nyundo ipo, kalenda ipo. Jumatatu asubuhi mshukiwa atafikishwa kortini kwa mauaji, na kila mtu mle ofisini alijua adhabu ya mauaji ni kamba. Kilichobaki ni maungamo, na Obiero alikuwa ameahidi kwamba kufikia Jumapili Badru atatia sahihi, kwa mkono au kwa mguu.

Nabalayo akashuka chumba cha mahojiano. Badru alikuwa kwenye kiti, Obiero nyuma ya kiti.

"Ukaguzi wako na meneja ulikuwa saa ngapi?"

"Saa nane, Afande."

"Kompyuta inasema saa kumi."

"Inadanganya."

"Kompyuta itadanganya ipate nini?"

"Mimi najua? Iulize. Ama umtume huyu sajini akaichape, itasema."

Kofi lilitua kabla sentensi haijafika mwisho. Kitu cheupe kilidunda mezani, kikabingirika mpaka kwenye daftari la Inspekta. Lilikuwa jino la mbele.

"Saa ngapi?" Obiero akauliza.

"Saa nane," Badru akasema, sasa kwa mluzi.

Pigo la pili lilikuwa la mbavu zilezile. Badru alianguka na kiti, akalala ubavu akitema damu kwenye saruji. Obiero alimuuliza tena akiwa palepale chini, na mtu yule akanyanyua vidole vitano na vitatu kuonyesha nane, kwa sababu pumzi ya kusema haikuwepo.

Nabalayo alimwamuru Obiero atoke. Obiero alitoka akinung'unika kwa Kijaluo kuhusu wanawake wa Webuye, na Nabalayo, ambaye alikuwa ameolewa na Mjaluo miaka saba na kuachana naye kwa sababu ya maneno kama hayohayo, akamjibu kwa Kijaluo bila kugeuka. Mlango ukafungwa taratibu.

Alikaa akilitazama lile jino. Alikuwa amehoji waongo wengi, na mwongo akipigwa hubadilisha. Huongeza dakika, hupunguza dakika, hukumbuka mvua. Huyu hakuongeza hata sekunde. Alisema alimaliza ukaguzi saa nane na nusu, akatoka mlango wa nyuma, akaenda kwake kulala. Nani alimwona? Hakuna. Mtu anayekwenda kulala hatafuti mashahidi.

"Sajini angekuua kwa kipigo," Nabalayo akamwambia. "Ungesema tu saa kumi, upumzike."

"Nikisema saa kumi ndiyo nitauawa vizuri," Badru akajibu kutoka sakafuni.

*

Alirudi kiwandani peke yake. Zeituni alikuwa amekwenda mazishini, meneja akichomwa moto kwa desturi ya Kalasinga, kwa hiyo Nabalayo alikaa mbele ya kompyuta kama mtu anayekaa mbele ya mkwe asiyemjua. Alijua kitufe kimoja tu, kile cha mshale, kwa kuwa ndicho alichomwona Zeituni akibonyeza. Akabonyeza.

Tarehe 13 Juni: Badru na meneja, saa kumi. Mmoja seli, mwingine majivu, lakini miadi ipo. Akabonyeza tena. Desemba. Mwaka 1997. Akashikilia kidole. Mwaka 2003 wawili hao walikuwa bado wanakagua chumba cha baridi. Mwaka 2019, bado. Mwaka 2044, Badru angekuwa na miaka themanini na moja, na kila Alhamisi saa kumi anatakiwa avae gambuti.

Nani alikuwa amekaa akaandika Alhamisi zote hizi?

Swali hilo lilimpeleka juu ya duka la vitambaa mjini, kwa Kokila, mwanamke wa Kihindi mwenye miwani ya mnyororo aliyefundisha kompyuta kwa makarani wa nusu ya Kisumu, na aliyekuwa amewauzia Ghuba Fileti mashine, programu na printa. Kokila alimkaribisha kwa chevda, vitafunio vya pilipili, na kiti kibovu. Alisikiliza, akatafuna, akacheka.

"Mama, huko unakokaa, maziwa unaletewa?"

"Kila asubuhi. Mtu wa baiskeli."

"Ulimwambia mara ngapi?"

"Mara moja, siku nilipohamia."

"Mpaka lini?"

"Hatukusema."

"Basi umemaliza somo." Akasukuma sahani ya chevda. "Hukumwandikia vikaratasi mia tatu sitini na tano. Ungeandika mpaka wapi, na hamkupanga mwisho? Anabeba neno moja tu kichwani: mama yule, kila siku, chupa moja. Kompyuta nayo ni hivyo. Haina Alhamisi elfu kumi mle ndani. Ina mstari mmoja. Kila Alhamisi, saa fulani, bila mwisho. Ukifungua ukurasa wa mwaka wowote, inausoma ule mstari na kuchora Alhamisi za ukurasa huo peke yake. Ukifunga, imesahau."

"Na siku nisiyotaka maziwa?"

"Unamwambia kesho usilete. Kompyuta inaandika pembeni: isipokuwa tarehe hii. Mstari haujaguswa."

Nabalayo aliacha kutafuna. Akauliza polepole: na kama mtu akiubadilisha ule mstari wenyewe?

Kokila akavua miwani. Alieleza kwamba mashine itakuuliza swali moja: hii tu, au zote? Ukijibu zote, basi ni zote, zijazo na zilizopita, maana zilizopita nazo hazikuandikwa mahali popote. Zinachorwa upya kila ukizitazama.

"Yule wa maziwa mwambie leo abadilishe, aje saa moja badala ya saa kumi na mbili," akasema. "Halafu muulize mwaka jana alikuwa anakuja saa ngapi. Binadamu atakumbuka. Kompyuta itakuapia saa moja, na itakuonyesha Januari yote kama ushahidi."

Nabalayo alikuwa ameshasimama. Akauliza jambo moja la mwisho, kuhusu printa. Tukio lisilo na mwisho likichapwa, printa itaacha lini?

"Kwenye mwaka utakaoutaja, au karatasi zikiisha," Kokila akasema. "Kwa nini? Zeituni naye aliniuliza hivyo hivyo wiki jana. Na Jumanne akaja kuchukua boksi zima la karatasi za mkunjo, zile ndefu za printa."

*

Jumamosi asubuhi Nabalayo alianzia jalalani, nyuma ya kiwanda, mahali wanapochomea takataka. Alichimbua jivu kwa kijiti mpaka sketi ikabadilika rangi. Karatasi nyingi sana zilikuwa zimeteketezwa pale, na karatasi za mkunjo zikibanana moto hauingii vizuri katikati. Akatoa kipande cha ukubwa wa kiganja.

*Alhamisi, 14 Aprili 2061. Saa kumi: Badru na me—*

Kumbe hiyo ndiyo kazi aliyokuwa akiililia yule paka wa dirishani. Printa ilikuwa inachapa Alhamisi za miaka sitini na mitano ijayo, yenyewe, ofisini, bila mtu.

Hilo liliua ushahidi wa Muhidin. Lakini halikumwokoa Badru. Mtu anaweza kuchapa karatasi za kipumbavu na bado asiwe muuaji, na bado kalenda ilisema saa kumi. Alihitaji saa nane iliyoandikwa mahali ambapo mashine haiwezi kufika. Muhidin alimwambia kwamba kila Jumatatu Zeituni huchapa ratiba ya wiki nakala mbili: moja ya faili, moja ya mlango wa chumba cha baridi. Nabalayo akaenda kwenye kabati. Faili lilikuwepo, jina limeandikwa vizuri kwa mwandiko wa mviringo, na ndani yake hapakuwa na kitu. Mlangoni palikuwa na gundi tu.

Akatoka langoni, njaa na hasira vimechanganyika. Chini ya ukuta alikaa Mama Elsie, muuza njugu, mwanamke mnene mwenye stuli ndogo inayolalamika. Nabalayo akaomba njugu. Mama Elsie akachota kwa kikopo, akakunja karatasi ikawa kama pembe, akamimina, akampa.

Inspekta alikula tatu. Ya nne haikufika mdomoni.

Karatasi ilikuwa na matundu pembeni, ya printa. Akamwaga njugu zote kwenye sketi, akaikunjua pembe ile juu ya goti.

*Wiki ya Jumatatu, 18 Machi 1996. Alhamisi, 21 Machi. Saa nane: Badru na meneja, ukaguzi wa chumba cha baridi.*

"Mama, hizi karatasi unatoa wapi?"

"Kwani ni makosa?" Mama Elsie akaukumbatia mfuko wake. "Jentrix wa kufagia ananiletea. Ya mlangoni ikitolewa, yeye hatupi. Karatasi nzuri namna hiyo itupwe? Ananiletea tangu mwaka jana, nyathina, mwanangu. Watu wangu wamekula njugu kwa ratiba ya huyo Mhindi mpaka wameijua."

Hakuna karatasi ya ofisi inayofia jalalani Kisumu. Kila mtu wa mji analijua hilo. Zeituni alilijua pia, bila shaka, lakini alikuwa amekaa miaka mingi upande wa ndani wa lango, mahali watu wanapoagiza njugu bila kuangalia zimefungwa na nini.

Nabalayo alinunua mfuko mzima, karatasi na njugu pamoja, akakaa chini vumbini kando ya stuli na kuanza kupanga wiki baada ya wiki. Saa nane. Saa nane. Saa nane. Alipofika Oktoba ya mwaka 1995 akaona mstari mwingine, ambao hakuwahi kuuona kwenye kompyuta hata siku moja.

*Kila siku, saa kumi na moja: kuhesabu watu kabla ya kufunga chumba cha baridi.*

Novemba, mstari ule haukuwepo. Akamwonyesha Mama Elsie, akamuuliza anakumbuka nini kuhusu Novemba.

Mama Elsie aliacha kukunja. Akasema Novemba ndiyo ule mwezi wa Rehma. Msichana wa minofu, miaka kumi na tisa. Ijumaa jioni alifungiwa mle ndani na samaki. Jumamosi asubuhi walipofungua walimkuta nyuma ya mlango, ameganda akiwa amepiga magoti, kucha hazipo. Zilikuwa zimebaki mlangoni. Serikali ilichunguza ikasema ni ajali, kwamba msichana alijificha mwenyewe ili aibe minofu.

"Na dada yake bado anafanya kazi hapo," Mama Elsie akasema. "Mimi nisingeweza. Kila asubuhi ananisalimia vizuri kabisa, Zeituni."

*

Walimkuta Zeituni ofisini adhuhuri hiyo hiyo. Nabalayo alikuwa amekuja na Obiero kwa sababu sheria inataka maafisa wawili, na kwa sababu alitaka Obiero aone jinsi kesi inavyofunguliwa bila ngumi.

Katika hilo la pili alikosea.

Alitandaza karatasi mezani bila kusema kitu, zikiwa na mikunjo ya pembe na madoa ya mafuta ya njugu. Zeituni alizitazama moja moja. Mkono wake wa kulia ulikuwa kwenye droo.

"Nyanyuka, Zeituni," Nabalayo akasema. "Unakamatwa kwa—"

Kisu cha minofu ni chembamba, kinapinda, na mtu aliyekishika miaka sita hana haja ya kulenga. Kilipita kwenye mkono wa Inspekta kutoka kiwiko mpaka kifundo kabla hajaona kikitoka. Obiero alirukia meza, naye akakipokea pajani, mpaka kwenye mpini. Alianguka na kiti na faili na kalenda ya ukutani, damu ikiruka mpaka kwenye kioo cha kompyuta. Zeituni alikivuta kisu. Hakupiga kelele. Alizunguka meza kwa utulivu wa mtu anayekwenda kwa samaki wa pili.

Nabalayo, mkono mmoja haufanyi kazi, alifanya lililokuwa karibu. Aliikumbatia printa, ile nzito ya chuma, akaing'oa na nyaya zake na kumtupia. Ilimpata Zeituni kifuani. Alipoyumba na kushika ukingo wa droo iliyokuwa wazi kwa mkono wenye kisu, Nabalayo aliisukuma droo kwa goti na uzito wake wote. Mfupa wa kifundo ulilia kama muwa. Kisu kikaanguka.

"Pingu," Nabalayo akasema.

"Ziko mfuko wa nyuma," Obiero akajibu kutoka chini, ameshika paja kwa mikono miwili, uso umekuwa wa kijivu. "Na nimelalia mfuko wenyewe, Madam."

*

Saa tisa alasiri, kituoni. Mkono wa Inspekta ulikuwa na nyuzi ishirini na mbili. Wa Zeituni ulikuwa na plasta mpaka kwenye kiwiko. Nabalayo alimsomea haki zake, akamwambia anaweza kunyamaza. Zeituni alisema amenyamaza tangu Novemba na hakuona faida yake.

"Ulibadilisha kalenda lini?"

"Jumatano. Saa nane nikaweka saa kumi. Ikaniuliza hii tu, au zote. Nikasema zote."

"Faili?"

"Nilichoma."

"Alhamisi ilikuwaje?"

Zeituni alieleza kama anayesoma ratiba. Saa kumi aliwasha printa mpaka mwaka 2061. Alipita ujia wa ndani, akavaa aproni na glavu za mpira za wakata minofu. Kiwandani kwao aproni yenye damu haimshtui mtu. Nyundo ya Badru ilikuwa kwenye msumari wake. Gurmit alikuwa ameinama anahesabu mbuta kwa sauti. Pigo la kwanza alipiga alipofika kumi na saba.

"Daktari anasema ulimtundika akiwa hai."

"Rehma mlimkuta amekufa saa ngapi? Daktari alisema alichukua masaa. Huyu wa kwangu alichukua dakika. Niliona nimemhurumia."

Nabalayo alisubiri kalamu yake imalize. Halafu akauliza kwa nini.

"Ule mstari wa kuhesabu watu niliuandika mimi," Zeituni akasema. "Mashine ilikuwa inapiga kengele kila siku saa kumi na moja, mpaka mtu akahesabu, akabonyeza. Kengele ilimkera meneja. Siku moja nimesimama hapo na chai yake, ikalia yuko kwenye simu. Akabonyeza kufuta. Ikamuuliza, hii ya leo, au zote? Akabonyeza zote. Ikamuuliza, una hakika? Akanitazama, akacheka, akabonyeza tena. Wiki mbili baadaye Rehma akafungiwa."

"Hukuwaambia wachunguzi?"

"Niliwaambia. Walikuja ofisini, wakafungua Oktoba. Hakuna. Septemba. Hakuna. Wakafungua mpaka siku mashine iliponunuliwa. Hakuna kuhesabu watu hata siku moja, kana kwamba nimeota. Nikaonekana mwanamke aliyechanganyikiwa kwa msiba. Faili nalo meneja alikuwa amelichukua siku ileile, akarudisha tupu. Wakamuuliza Badru kwa kiapo kama mlikuwa mnahesabu watu. Akasema, hatujawahi. Basi wakaandika, mdogo wangu alijificha aibe samaki. Hapo ndipo nilipojifunza ile kompyuta, Afande. Ukiishika pale kwenye mstari wake, hata jana inakutii."

"Na Badru ukampa Alhamisi."

"Zote. Meneja nilimpa nyundo, Badru nilimpa Alhamisi. Kila mmoja nilimpa kwa kadiri yake."

Nabalayo akafungua bahasha, akatoa karatasi ya wiki ya tarehe 9 Oktoba 1995. Akaiweka mbele yake. Zeituni aliisoma mstari wa kwanza, wa pili. Alipofika kwenye ule wa saa kumi na moja akauwekea kidole cha mkono mzima, akausoma tena tangu mwanzo.

"Hii ilikuwa wapi?"

"Langoni. Kwa Mama Elsie."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ilipotolewa mlangoni."

Zeituni alihesabu kimya, midomo ikicheza. Kutoka mezani kwake mpaka kwenye ile stuli zilikuwa hatua arobaini. Alikuwa amezipita kila asubuhi kwa miezi saba, akisalimia.

Alitia sahihi kwa mkono wa kushoto. Hakuomba chochote isipokuwa ile karatasi, na hiyo hakuweza kupewa, kwa sababu sasa ilikuwa kielelezo namba tatu.

*

Saa kumi na moja jioni Nabalayo alifungua seli mwenyewe. Badru alitoka akishika ukuta, jicho moja, meno pungufu. Alimwambia yuko huru, muuaji amepatikana na ameungama. Alimtajia ni nani.

Badru hakuuliza kwa nini. Aliegemea kaunta, akapewa mkanda wake na viatu vyake. Alivaa kimoja. Cha pili akakishika mkononi.

"Kuna swali moja," Nabalayo akasema. "Si la mauaji ya meneja. Hilo limekwisha. Ijumaa ile ya Novemba, nani alifunga mlango?"

Mlango wa kituo ulikuwa wazi, na nje mtu aliyekuja kumchukua alikuwa ameshaegesha baiskeli. Badru aliutazama ule mlango. Angeweza kurudia maneno yaleyale aliyosema kwenye kiapo, na hakuna aliyebaki wa kumpinga. Zeituni alikuwa ndani, Gurmit alikuwa majivu.

"Mimi," akasema kwa mluzi wa pengo lake.

"Ulihesabu?"

"Kengele ilikuwa na wiki mbili haijalia. Nikasema, kama mashine imenyamaza, basi wametoka wote." Alikiweka kiatu juu ya kaunta, taratibu, kama kitu cha kuvunjika. "Nikiwa natia kufuli nikasikia kitu kinagonga ndani. Kugonga, kunyamaza, kugonga. Nikafikiri ni kompresa, Afande. Nikajiambia, hiyo nitaitazama Alhamisi."

Nabalayo alitoa karatasi nyingine ya taarifa, akaiweka mezani. Kwa ule mkono mmoja uliobaki mzima, akamvutia kiti.

Badru akavua kile kiatu alichokuwa amevaa, akakirudisha kaunta kando ya mwenzake, akakaa.